Kuusoma Mkono wa Mrushaji



Tarehe 8 Juni mwaka 2024, katika kiwanja cha Providence nchini Guyana, timu ya taifa ya Uganda ya mchezo wa kriketi ilitolewa yote kwa mikimbio 39. Wapinzani wao, West Indies, walikuwa wamekwisha kujipatia mikimbio 173 kwa kupoteza wapigaji watano tu. Idadi hiyo ya 39 ilikuwa sawa na ile ndogo kuliko zote zilizopata kuandikwa katika Kombe la Dunia la ova ishirini, ambayo tangu mwaka 2014 ilikuwa ya Uholanzi peke yake. Habari zilipofika huku kwetu wako waliocheka, na hata watu wasiojua gongo la kriketi hushikwa upande gani hawakukosa la kusema: vijana wameogopa, mikono yao mizito, wangebaki nyumbani.

Hukumu ya namna hiyo ni nyepesi mno. Walioitoa walidhani kwamba kupiga mpira wa kriketi ni kazi ya mikono na ya moyo. Kwa hakika ni kazi ya macho na kumbukumbu kwanza, nayo mikono hufuata amri. Ambaye hajapata kumwona mrushaji wa aina fulani hawezi kumsoma, kama vile asiyefundishwa herufi asivyoweza kusoma barua hata angekuwa shujaa wa vita. Jambo hilo ndilo tunalokusudia kulieleza leo, na tutalieleza kwa mifano ya mpakani kwetu, Busia na Tororo, ambako kuwasoma watu kabla hawajafika ni kazi ya kila siku.

Kwa wale ambao hawajapata kuutazama mchezo wenyewe, mambo ya lazima ni machache. Mrushaji hutoka mbio na kuutupa mpira kutoka upande mmoja wa njia yenye urefu wa yadi 22, yaani mita 20 na kidogo. Mpigaji husimama upande wa pili, nyuma yake vimesimikwa vijiti vitatu ambavyo ni wajibu wake kuvilinda, mkononi ameshika gongo la mti ambalo upana wake hauruhusiwi kuzidi sentimita 10.8. Mpira ni mgumu, umefunikwa ngozi, una mshono ulioinuka unaouzunguka katikati, na uzito wake ni gramu 160 hivi. Ukiangusha vijiti, mpigaji ametoka. Ukidakwa baada ya yeye kuupiga na kabla haujagusa ardhi, ametoka. Katika mashindano ya siku moja hapewi nafasi nyingine. Mrushaji aweza kukosea mara kumi na bado akaendelea na kazi yake, lakini mpigaji hukosea mara moja tu.

Sasa tupige hesabu. Mrushaji mwenye kasi huutupa mpira kwa mwendo wa kilometa 140 kwa saa. Kutoka pale anapouachia hadi unapomfikia mpigaji, mpira hutumia takriban nusu ya sekunde. Mwanadamu, hata aliye mwepesi kiasi gani, huhitaji kama moja ya tano ya sekunde ili aone jambo na kuanza kubadili mwendo wa mwili wake kwa ajili ya jambo hilo. Tena gongo nalo lina safari yake, kwa kuwa lazima liinuliwe, lishushwe, na mguu utangulie mbele au urudi nyuma. Ukitoa muda wa mambo hayo yote katika ile nusu sekunde, hakibaki kitu cha kutosha kutafakari. Mpigaji atakayeungoja mpira, kisha auchunguze, kisha apeleke taarifa juu na kusubiri jibu, kama ifanyikavyo maofisini, atasikia vijiti vikianguka nyuma yake kabla jibu halijarudi.

Yawezekanaje basi watu waupige? Jawabu ni kwamba mpigaji hodari huanza kuusoma mpira kabla haujatoka mkononi mwa mrushaji. Mwaka 1984 watafiti wawili huko Australia, Abernethy na Russell, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya jambo hili. Njia ya uchunguzi wa aina hiyo ni rahisi na ya busara: wapigaji huonyeshwa filamu ya mrushaji akija mbio, na filamu hukatwa, pengine wakati mpira unatoka, pengine kabla haujatoka kabisa, kisha huulizwa mpira ule ungeangukia wapi. Ilionekana kwamba wapigaji hodari hufaidika na dalili za mapema ambazo wanafunzi hawazioni. Uchunguzi uliofuata baadaye ukaonyesha dalili hizo zimo hasa katika mkono wenyewe unaorusha na katika kiganja kilichoushika mpira.

Askari yeyote aliyepata kusimama zamu Busia au Malaba anaufahamu ujuzi huu, ingawa huenda hajapata kuupa jina. Katika miaka ya 1976 na 1977 bei ya kahawa ilipanda mno duniani, baada ya baridi kali kuiharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa magendo kuingia Kenya kwa kila njia iliyopatikana. Njia mojawapo ilikuwa baiskeli, zile baiskeli za kuvusha watu na mizigo mpakani ambazo ndizo zilizozaa jina la bodaboda. Hakuna kikosi kilichoweza kufungua kila gunia. Askari mzoefu, basi, hakupoteza muda kulikodolea macho gunia, kwa sababu gunia la pumba na gunia la kahawa kwa nje ni gunia tu. Aliangalia gurudumu la nyuma limebonyea kiasi gani. Aliangalia kama mwendeshaji ameketi au amesimama juu ya kanyagio mahali ambapo barabara ni tambarare, maana gunia moja la pumba halimsimamishi mtu juu ya kanyagio. Aliangalia macho ya mtu yule yanaelekea wapi akiwa bado hatua hamsini kutoka kwenye kizuizi. Uamuzi wa kumsimamisha ulikuwa umekwisha kufanyika kabla hajafika. Siku hizi Busia ina kituo cha pamoja cha nchi mbili, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, na karatasi zinakaguliwa mahali pamoja. Hata hivyo sijamsikia ofisa yeyote wa mpakani akisema kwamba jicho la namna ile limestaafu.

Mpigaji wa kriketi ni askari wa kizuizi hicho, na mrushaji ndiye mwenye baiskeli. Kila mrushaji ana gunia lake, na hila yake ni kulifanya gunia la leo lifanane na la jana.

Mrushaji wa kasi huushika mpira mshono ukiwa wima kati ya vidole viwili, na upande mmoja wa mpira huufuta kwenye suruali mpaka ung'ae huku upande wa pili ukiachwa ukwaruzike. Mpira ukisafiri na mshono wake uliosimama kwa mshazari kidogo, hewa hupita tofauti pande hizo mbili, nao hupinda angani. Kwa hiyo mpigaji anayejua kazi hutafuta mambo mawili mtu yule angali mbioni: upande unaong'aa uko wapi, na mshono umeelekea wapi. Kwa dalili hizo hukisia mapema mpira utapinda kuingia mwilini mwake au kumkimbia. Afghanistan ina mrushaji wa mkono wa kushoto, Fazalhaq Farooqi, ambaye mpira wake humwingilia mpigaji wa mkono wa kulia kama nyoka anayerudi shimoni. Katika mashindano yale yale ya mwaka 2024 aliwatoa Waganda watano kwa mikimbio 9 tu, na Uganda ikaishia 58.

Warushaji wa polepole ndio wagumu zaidi kuwaeleza, na kwa maoni yangu ndio wenye sanaa kubwa zaidi. Mpira wao hauogopeshi. Huja ukielea, mpigaji ana muda wa kuutazama, na ndani ya muda huo ndimo hudanganywa. Yuko anayeuzungusha kwa vidole, na yuko anayeuzungusha kwa kifundo cha mkono. Huyu wa pili huugeuza mpira, ukidunda, kwenda upande mmoja. Lakini akikizidisha kifundo kidogo tu, hata mgongo wa kiganja ukamtazama mpigaji, mpira uleule hudunda na kwenda upande wa pili. Hila hiyo huitwa gugli, na aliyeileta katika mchezo ni Mwingereza, Bosanquet, mnamo mwaka 1900. Tofauti kati ya mipira hiyo miwili haionekani katika mbio, wala katika bega, wala katika urefu wa hatua. Imo katika kifundo peke yake, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Akeal Hosein, aliyewatoa Waganda watano kwa mikimbio 11 siku ile ya Guyana, ni mrushaji wa polepole wa mkono wa kushoto. Hila yake ni ya namna nyingine: mmoja huzunguka baada ya kudunda, na mmoja hufanana nao kabisa lakini huja moja kwa moja. Mpigaji aliyejiandaa kwa ule unaozunguka huacha mwanya mdogo kati ya gongo na mguu wake. Ule wa moja kwa moja huupata mwanya huo.

Na hapa ndipo tunapopata kiini cha jambo. Hadi mashindano hayo, Uganda haikuwa imepata kukutana na timu za West Indies, Afghanistan wala New Zealand katika mechi za kimataifa za ova ishirini. Miezi sita hivi kabla yake, mjini Windhoek, vijana hao hao walikuwa wameishinda Zimbabwe na kujipatia nafasi ya kwenda Kombe la Dunia, nafasi ambayo Zimbabwe yenyewe iliikosa. Waoga hawafanyi hivyo. Tena walipokutana na Papua New Guinea hapo hapo Guyana waliwatoa wote kwa mikimbio 77 na kushinda, na mzee wao Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuwatoa wapigaji wawili. Siku hiyo waliopewa barua wasiyoweza kuisoma walikuwa wale wengine. Kilichotokea mbele ya Hosein, Farooqi na Tim Southee wa New Zealand ni kwamba wapigaji wa Uganda walipelekwa kizuizini usiku, kwenye njia wasiyoijua, kukagua watu ambao hawajapata kuwaona wakipita mchana.

Mambo hayo si mageni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza huko Uingereza, nchi zetu zilipeleka timu moja kwa jina la Afrika Mashariki, na mpaka wa Busia haukuigawa: Wakenya na Waganda walikuwa upande mmoja, pamoja na wenzao wa Tanzania na Zambia. Uganda ilitoa akina Samuel Walusimbi na John Nagenda. Wakati huo Uganda ilikuwa imekwisha kuwafukuza Waasia mwaka 1972, wakiwemo wenye maduka wa Tororo, Mbale na Jinja, na pamoja nao ikaondoka sehemu kubwa ya watu waliokuwa wakiucheza na kuugharimia mchezo huu. Timu ilishindwa mechi zake zote tatu. Dhidi ya India, katika kiwanja cha Headingley, Bishan Bedi, bingwa wa kurusha polepole kwa mkono wa kushoto, aliwarushia ova 12. Katika hizo ova 8 hazikuwa na mkimbio hata mmoja, na kwa jumla alitoa mikimbio 6. Wapigaji wetu walikuwepo, magongo walikuwa nayo, lakini mkono ule hawakuwa wameusoma nyumbani.

Kenya baadaye iliigeuza karata hiyo. Tarehe 24 Februari 2003, kiwanjani Gymkhana mjini Nairobi, Sri Lanka ilitolewa kwa mikimbio 157 na kushindwa kwa mikimbio 53. Collins Obuya, kijana wa kuzungusha kwa kifundo cha mkono, aliwatoa watano kwa mikimbio 24, akiwemo Aravinda de Silva, mmojawapo wa wapigaji stadi kabisa wa zama zake. Sri Lanka ilikuwa na Muralitharan katika timu yake, kwa hiyo mpira unaozunguka haukuwa kitu kipya kwao. Kigeni kilikuwa mkono wa Obuya. Wiki tatu baadaye, mjini Durban, Aasif Karim wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 39, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu akaitwa tena, aliwarushia mabingwa wa dunia Australia mipira 50. Walipata mikimbio 7 tu, naye akawatoa watatu, wa kwanza wao nahodha Ricky Ponting. Karim hakuuzungusha mpira sana. Alibadili mwendo wake, huu mzito, huu mwepesi kidogo, kwa mkono uleule na uso uleule, mpaka Waaustralia wakawa wanaupiga mpira ambao haujafika. Australia walishinda mechi ile, lakini Kenya ilikuwa imekwisha kuingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 2014, Kenya ilipoteza hadhi yake katika mechi za kimataifa za siku moja. Sababu za kuporomoka huko zina mengi ya ofisini ambayo hayamo katika mada yetu. Lakini tokeo lake moja ni hili, kwamba mataifa makubwa yaliacha kuja, na wapigaji wa Kenya nao wakabaki kusoma mikono ileile ya jirani.

Turudi kwenye jicho lenyewe. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Uingereza, Land na McLeod, walichapisha uchunguzi waliofanya kwa kumfunga mpigaji chombo kidogo kichwani cha kupiga picha ya mahali anapotazama. Wengi tulifundishwa kwamba mpigaji asiuache mpira machoni tangu mwanzo hadi mwisho. Chombo kile kilionyesha vingine. Mpigaji hutazama mpira unapotoka mkononi, kisha macho yake huuacha, yakaruka mbele hadi mahali utakapodunda, na kuungojea pale. Aliye hodari zaidi huruka mapema zaidi. Mtu aliyekaa juu ya mwamba wa Tororo akilifuatilia lori kwenye barabara ya Malaba hufanya vivyo hivyo: lori likiingia nyuma ya miti, haendelei kuitazama miti, bali huyahamishia macho mahali litakapotokezea. Nao wenzetu wa mizinga ya kutungulia ndege hawahitaji maelezo zaidi, kwani wao hulenga mahali ndege itakapokuwa.

Kwa sababu hiyo, mazoezi ya mpigaji yana siri moja ambayo nchi zenye fedha zimeipita mara nyingi bila kuiona. Iko mashine ya kurusha mipira, yenye magurudumu mawili yanayozunguka, ambayo yaweza kutema mpira kwa mwendo wowote unaotakiwa. Inafaa kwa kuimarisha pigo. Lakini mashine haina bega, haina kifundo wala vidole. Mpira hutoka kwenye tundu. Mpigaji anayejifunza kwa mashine peke yake ni kama askari aliyefundishwa ukaguzi kwa kutazama magunia yaliyopangwa ghalani, bila mtu wala baiskeli. Vijana wa mitaa ya Karachi na Lahore hawakuwa na mashine hizo. Walikuwa na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa plastiki na wenzao wengi wa kuwarushia, kila mmoja kwa mkono wake wa ajabu, na Pakistan haijapata kulia uhaba wa wapigaji wala warushaji.

Kitu kama hicho hakizidi uwezo wa kambi au kituo chochote cha polisi kutoka Tororo hadi Busia. Uwanja wa gwaride ni mgumu na umesawazishwa; utepe unauzwa dukani; na katika kila kikosi hapakosekani askari wa mkono wa kushoto. Askari huyo ndiye wa kutafutwa kwanza. Mpigaji aliyezoea kurushiwa na mikono ya kulia tu hupotea kabisa akutanapo na wa kushoto, kwa kuwa mpira hutoka pembe nyingine na dalili zote zimegeuka kama maandishi kwenye kioo. Bedi, Karim, Hosein na Farooqi, wote wanne tuliowataja, ni wa mkono wa kushoto.

Tena si lazima anayejifunza kusoma awe mpigaji. Collins Obuya, baada ya ile siku ya Nairobi, aliajiriwa na klabu ya Warwickshire ya Uingereza, lakini baadaye urushaji wake ulififia, akageukia gongo. Tarehe 13 Machi 2011, mjini Bangalore, Kenya ilipokutana na Australia katika Kombe la Dunia, alipata mikimbio 98 bila kutolewa. Mimi naamini kwamba mkono uliowahi kuficha gugli haushindwi kuitambua mikononi mwa mwingine. Na siku ile Uganda ilipotolewa kwa 39 kule Guyana, mmoja tu kati ya kumi na mmoja alifikisha mikimbio kumi. Alikuwa Juma Miyagi, ambaye kazi yake katika timu ni kurusha. Alipata 13, na wenzake wote walipokwisha kutoka, yeye alikuwa bado amesimama.